Jinsi ya kuwafuatilia ndege wahamao Dodoma kabla hawajaondoka

Kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Aprili, anga ya Dodoma huwa njia ya wasafiri. Mbayuwayu, korongo weupe, keremkerem, kozi wadogo na vitwitwi, waliofika kwetu kati ya Agosti na Novemba, wanarudi kaskazini, Ulaya na Asia, ambako majira ya machipuko yanaanza na ndiko wanakotaga mayai. Kule watu huandika siku ya kwanza waliyomwona mbayuwayu. Huku kwetu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu tunatafuta siku ya mwisho. Ndege anayefika hujitangaza mwenyewe. Anayeondoka huondoka kimya, nawe unashtukia waya wa umeme uko mtupu. Ukiulizwa umekuwa mtupu tangu lini, huna jibu.

Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kulijibu swali hilo. Hauhitaji shahada wala gari. Unahitaji uvumilivu, daftari, na mahali pamoja utakaporudi tena na tena.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pamoja na upang'ang'anie

Ukienda bwawa la Hombolo wiki hii, kinamasi cha Bahi wiki ijayo, kisha bwawa la Mtera, utaona ndege wengi na bado hutajua lolote kuhusu kuondoka kwao. Huwezi kumtofautisha ndege aliyeondoka na yule ambaye hakuwahi kuwepo pale. Kwa hiyo chagua mahali unapoweza kufika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa nauli ndogo ya daladala, angalau mara mbili kwa wiki.

Mahali pazuri pana maji kidogo, uwazi kidogo, na miti kidogo. Lambo la kunyweshea ng'ombe linafaa sana: kingo zake zina tope la vitwitwi, mifugo inafukua wadudu, na migunga ya pembeni ni makao ya ndege wadogo. Mashamba ya zabibu kama yale ya Mpunguzi yana nguzo na nyaya ambazo ndege hupenda kutua. Vilima vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Dodoma vinafaa kutazamia ndege wakubwa wanaopita juu. Mabwawa ya majitaka ya Swaswa ni hazina kwa vitwitwi na bata, ila pale huingii bila ruhusa ya mamlaka ya maji, na harufu utaizoea.

Ukishachagua, weka njia moja ya kutembea na uifuate kila mara, kwa muda uleule. Saa moja na nusu inatosha.

Hatua ya pili: vifaa, na kujitambulisha

Darubini ya mkono ya 8x42 ndiyo ninayomshauri anayeanza. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wengi hukimbilia yenye ukuzaji mkubwa, 12 au 16, halafu picha inatetemeka mkononi na mbayuwayu hawamkamati kabisa. Kama huna darubini, anza hivyohivyo. Korongo, keremkerem na mbayuwayu hutambulika kwa macho matupu na masikio. Daftari, kalamu ya risasi isiyofutika kwa mvua, maji ya kunywa, kofia. Basi.

Kuhusu kujitambulisha, lichukulie kwa uzito. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na mtu mwenye darubini shingoni karibu na ofisi za serikali, kambi, uwanja wa ndege au reli ataulizwa maswali, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya mtendaji wa kijiji, eleza unachofanya, onyesha daftari, beba kitambulisho. Kijijini, salimu kabla hujainua darubini. “Mbukwa” moja kwa Mgogo aliyekaa chini ya mti wake, na “shikamoo” kwa mzee, vinafungua njia kuliko barua yoyote. Kumbuka pia kwamba ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009: kutazama ni ruksa, kukamata bila kibali si ruksa.

Hatua ya tatu: wajue wachache vizuri

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Usijaribu kuwajua wote mwaka wa kwanza. Jifunze wasafiri kumi hivi, pamoja na wenyeji wanaofanana nao, kwa sababu makosa mengi hutokea hapo.

Anza na mbayuwayu wa Ulaya. Mgongo wake ni wa buluu iliyokolea inayong'aa, koo na paji la uso ni jekundu la tofali, chini ya koo pana utepe mweusi, tumbo ni jeupe. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Novemba anapofika huwa amechakaa: rangi imefifia, na mkia wa wengi ni mfupi. Akiwa huku kwetu hubadilisha manyoya, na kufikia Machi ndege aliyekomaa ana nyuzi mbili ndefu za mkia zilizokamilika. Mtazame kwenye waya asubuhi kabla jua halijawa kali. Ananyoosha bawa moja pamoja na mguu wa upande uleule, anageuza shingo, anapitisha unyoya wa mkia mdomoni kuanzia shina hadi ncha, anajikung'uta, anaanza upya upande wa pili. Ukiona waya mzima wanafanya hivyo, mikia yote mirefu, jua kwamba siku zao kwako zinahesabika.

Wenyeji wanaomfanania ni watatu. Kuna mbayuwayu mwenye kiuno chekundu, ambaye hana ule utepe mweusi kifuani. Kuna mwenye michirizi myeusi kwenye tumbo jeupe na kichwa chekundu. Na kuna mwenye koo jeupe kabisa, kofia nyekundu na mkia wa nyuzi nyembamba mno, anayependa kukaa karibu na madaraja na maji. Hawa watatu utawaona hata Julai. Ukiwachanganya na msafiri, tarehe yako ya mwisho haitakuwa na maana.

Korongo nao huchanganywa sana. Korongo mweupe wa Ulaya ni mkubwa, mweupe, mwenye manyoya meusi ya kurukia, mdomo mwekundu na miguu myekundu. Yangeyange anayefuata ng'ombe ni mdogo, mweupe mwili mzima, na akiruka hukunja shingo. Korongo huinyoosha mbele. Kisha kuna korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, uso wa kibuluu na magoti mekundu. Huyu ni msafiri pia, ingawa hatoki nje ya Afrika: hutaga katika ukanda wa Saheli, Sudan ikiwemo, na huja kusini kufuata mvua zetu, panzi na viwavijeshi. Machi na Aprili hurudi kaskazini kwa makundi yanayoweza kujaza uwanda mzima. Mimi humpenda kuliko yule mweupe, kwa sababu safari yake yote ni ya bara letu na watu wengi hawajui kwamba anasafiri.

Keremkerem wa Ulaya utamsikia kwanza: sauti laini ya mviringo, “pruu, pruu”, ikidondoka kutoka juu sana. Inua macho, subiri, utaona kundi lenye mabawa makali likizunguka. Akitua, koo lake ni la manjano na utosi ni wa kahawia nyekundu.

Kambu wa Ulaya ana kifua chote cha buluu, mgongo wa kahawia, na mkia uliokatika sawa. Kambu wetu wa kila siku ana kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu mkiani. Yule msafiri hupita kwa wingi mashariki mwa nchi mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo usikose siku hizo.

Yupo pia ndege mdogo wa manjano, ninayemwita manjano wa ng'ombe, anayekimbia miguuni mwa ng'ombe huku mkia ukitikisika juu na chini. Januari madume wengi ni wa rangi hafifu. Machi tumbo lao huwa la manjano kali, na vichwa hutofautiana, vingine vya kijivu, vingine vyeusi, kutegemea wanakokwenda kutaga. Kwangu huyu ndiye kalenda bora ya Dodoma: kadiri manjano inavyokolea, ndivyo anavyokaribia kuondoka.

Kwenye tope la lambo kuna vitwitwi wawili wa kuanza nao. Mmoja anabembea sehemu yake ya nyuma bila kupumzika, na weupe wa tumbo lake unapanda kama kabari mbele ya bawa. Mwingine ana madoa meupe mgongoni, na akishtuka huruka juu akipiga “chi-chi-chi” na kuonyesha kiuno cheupe.

Mwishoni kabisa, Aprili, hupita mbwigu mwenye mgongo mwekundu. Dume ana kichwa cha kijivu na kinyago cheusi machoni, hukaa wazi juu ya kichaka cha miiba akitazama chini. Anayeacha kutembelea eneo lake mwisho wa Machi atamkosa.

Kozi wadogo wahamao huhitaji mazoezi. Waandike “kozi mdogo” mpaka jicho lizoee. Kozi wa Amur, anayetaga Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, dume lake ni la kijivu kilichoiva lenye miguu ya rangi ya chungwa na weupe chini ya bawa.

Hatua ya nne: fika kwa saa yao

Ndege wadogo wengi husafiri usiku na kula mchana, ilhali wakubwa kama korongo na tai husafiri mchana. Hawa hawana nguvu ya kupiga mabawa mwendo wote huo. Hungoja ardhi ipate joto, hewa ipande, nao wapande nayo wakizunguka, kisha huteleza kuelekea kaskazini hadi kwenye mpando mwingine. Kwa hiyo gawa siku yako hivi: tembea njia yako kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, ukitazama vichaka, nyaya na kingo za maji. Ukiwa na nafasi zaidi, kuanzia saa 4 hadi saa 6 kaa kivulini mahali palipoinuka na utazame juu, hasa pembeni mwa mawingu, ambako ndege mweusi huonekana kirahisi kuliko kwenye buluu tupu.

Asubuhi bora kuliko zote ni ile inayofuata mvua ya usiku. Ndege waliokuwa angani hulazimika kushuka popote walipo. Kichaka cha mgunga ambacho jana kilikuwa kimya, leo kina ndege wadogo wa kijani-manjano kila tawi, wenye gramu 10 hivi, wakila viwavi kwa pupa. Wanahitaji mafuta, ndege mdogo anayejiandaa kuvuka jangwa anaweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu. Usiwafukuze kwa ajili ya picha. Kila dakika unayomkatiza kula ni mafuta aliyoyapoteza.

Ili kujua kama kundi linalopita linaelekea kaskazini kweli, tumia jua. Machi 20 au 21 jua huchomoza mashariki kamili, na siku za jirani tofauti ni ndogo. Asubuhi elekeza mkono wa kulia kwenye jua, na uso wako unatazama kaskazini.

Hatua ya tano: hesabu, usikisie

“Wengi sana” haimsaidii mtu. Kwenye waya, hesabu ndege walio kati ya nguzo mbili, kisha hesabu vipande vyenye ndege wa kiwango hicho. Kundi la angani, hesabu kumi wa kwanza kwa uangalifu, lione lile umbo la kumi lilivyo, kisha lipime kundi zima kwa umbo hilo. Kundi linalozunguka lisubiri lianze kuteleza. Hapo hupangana mstari na kuhesabika.

Machi na Aprili, mtama na uwele vikikaza punje, makundi ya kwelea kwelea huonekana kama moshi juu ya mashamba. Usiyaingize kwenye hesabu ya wasafiri wa kaskazini. Hao huzunguka ndani ya Afrika wakifuata nafaka. Na eneo lililonyunyiziwa sumu ya kwelea kwelea likae mbali nawe. Usiokote ndege aliyekufa pale, wala usimruhusu mtoto au mbwa amguse.

Hatua ya sita: andika, na uandike hata sifuri

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kila ziara iwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, aina, idadi, na walichokuwa wakifanya. Mfano wa mstari mmoja: “Machi 14, saa 12:40–2:10 asubuhi, mawingu, mvua usiku. Mbayuwayu wa Ulaya 85, wote wayani, wanajitengeneza manyoya. Korongo mweupe 0. Manjano wa ng'ombe 12, madume 7 yamekolea.”

Ile sifuri ya korongo ni muhimu sawa na wale mbayuwayu 85. Bila sifuri, anayesoma daftari lako hawezi kujua kama korongo hawakuwepo au hukuwatazama. Tengeneza orodha ya wasafiri wako kwenye ukurasa wa kwanza, na kila ziara wapitie wote mmoja mmoja. Mwisho wa Aprili utakuwa na safu ya namba zinazopanda, zinazoshuka, kisha sifuri zinazofuatana. Namba ya mwisho kabla ya sifuri hizo ndiyo tarehe uliyokuwa unaitafuta.

Ukiwa na simu janja, programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure na hukubali kuandika bila mtandao. Utatuma ukifika penye mtandao. Itakuuliza kama orodha yako ni ya ndege wote uliowatambua. Jibu ndiyo pale tu ilivyo kweli, kwani jibu hilo ndilo linalowafanya wachambuzi wakubali kwamba asiyeandikwa hakuonekana. Daftari la karatasi liendelee kuwepo hata hivyo. Simu hupotea.

Hatua ya saba: uliza wanaoshinda nje

Wewe upo pale saa moja na nusu. Mchungaji yupo kutwa. Muulize swali analoweza kulijibu kwa alichokiona: “Wale wakubwa weupe wenye midomo myekundu, mara ya mwisho uliwaona kabla ya mnada uliopita au baada?” Watu hukumbuka minada, misiba, mvua kubwa na siku ya kupalilia kuliko wanavyokumbuka tarehe. Jibu liandike kando, na ueleze kwamba limetoka kwa mchungaji, lisichanganyike na ulichokiona mwenyewe.

Watoto wenye manati usiwafokee. Mpe mmoja darubini amtazame mbayuwayu aliye karibu, mwambie anakokwenda ndege yule. Wengine huwa wasaidizi wa kudumu.

Safari moja ya mbali

Pamoja na eneo lako la kila wiki, jipangie siku moja ya kwenda mbali kati ya Machi 15 na Aprili 10. Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950 kaskazini mashariki mwa mji, lina ukingo mpana na ndege wa maji wa kutosha. Bahi, magharibi kwenye barabara ya Singida, ina kinamasi kinachopanuka na kukauka kulingana na mvua. Mwaka wa mvua nzuri huwa na ndege wengi ajabu, mwaka wa ukame huna utakachokikuta, kwa hiyo ulizia kwanza. Nyanda za Kongwa, sehemu yake ikiwa imefyekwa miaka ya 1940 kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ni pazuri kwa korongo na kozi. Mtera, ambako basi la Iringa hupita juu ya ukuta wa bwawa, kuna viboko na mamba: kaa mbali na ukingo, na usipige picha ukuta wala mitambo. Popote penye maji yaliyotuama, usiingie miguu mitupu. Kichocho ni cha kweli.

Ukikuta korongo mwenye pete mguuni, soma herufi na namba kwa darubini, piga picha ukiweza, andika mguu gani na rangi gani. Wengi huvishwa Ulaya wakiwa makinda, na pete ina jina la kituo cha kupelekea taarifa. Akiwa hai, usimkimbize ili uisome.

Lini uache

Usifunge daftari siku unayoona sifuri ya kwanza. Endelea wiki mbili zaidi, kwa sababu kundi lililochelewa kutoka kusini hupita baada ya wale wa kwako kuondoka, na wakati mwingine ni kubwa kuliko lao. Wapo pia ndege wachanga wa mwaka wa kwanza, hasa vitwitwi, wasiorudi kaskazini kabisa msimu huo. Kitwitwi mmoja kwenye tope mwezi Juni si kosa lako. Mwandike kama alivyo. Kisha pumzisha macho hadi Agosti, vitwitwi wa kwanza wanapoanza kurudi kwenye malambo yanayokauka, na tope la kingo ni pana kuliko wakati wowote wa mwaka.